Kipande cha Babu

Karani wa tiketi aliniuliza mara mbili kama kweli nashukia Gulwe. Abiria wengi wa treni ya Kigoma huteremkia Morogoro, Dodoma au Tabora. Gulwe, wilayani Mpwapwa, anashuka mwenye ndugu. Mimi nilikuwa na Bibi pale, na nilikuwa naenda kwenye arobaini ya Babu. Mazikoni sikuwahi, na jambo hilo lilinikaa kooni siku zote thelathini na tisa.

Ilikuwa mwaka 2019. Nilikata daraja la pili kulala, nikapata kitanda cha juu, lakini sikulala. Nje ya dirisha, tuta la reli mpya lilikuwa linapanda kandokando ya reli yetu ya zamani, udongo mwekundu bado haujaota nyasi. Tulipopita Pugu nilimkumbuka Bibi akiwa msichana, maana huko ndiko kwao. Yeye Mzaramo, Babu Mnyamwezi, kwa hiyo ndoa yao ilianza na utani na haikuwahi kuuacha. Baba mdogo alinisimulia kwenye simu kwamba siku ya maziko watani walikaa ukingoni mwa kaburi, wakasema Mnyamwezi huyu haingii mpaka alipie ushuru wa kupita Uzaramo na mizigo ya watu. Waombolezaji wakacheka huku wanalia. Babu angewalipa.

Alizaliwa mwaka 1931, Tabora. Mwaka 1952 akaandikwa kazi ya genge kwenye reli, enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akabaki kwenye reli ileile chini ya shirika jipya la Tanzania, akastaafu mwaka 1986 akiwa nyapara. Kwa miaka yote hiyo hakuendesha treni hata siku moja. Kazi yake ilikuwa chini ya treni.

Watu wakisikia reli huwaza dereva na gadi. Mtu wa genge hawamjui. Kila asubuhi Babu alikabidhiwa kipande chake cha njia, akakitembea kwa miguu kwenda na kurudi, begani spana ndefu na nyundo, kwenye mfuko bendera nyekundu na ya kijani, pamoja na zile fataki zinazofungwa juu ya reli ili zikikanyagwa zilipuke, dereva ajue mbele kuna hatari. Alikaza bolti, akagonga taruma moja moja, yale mapande yanayolazwa kukingama chini ya reli, kusikiliza sauti yake. Taruma lililoshika kokoto vizuri lina sauti yake, alisema, na lililoachia lina nyingine. Aliwahi kunigongesha nikiwa na miaka saba. Nilisikia sauti moja tu. Yeye alisikia mbili.

Hapo ndipo alipotokea mkimbiaji. Mataruma hayakupangwa kwa ajili ya miguu ya binadamu: ukikanyaga moja moja hatua inabana, ukiruka moja unajitanua kuliko unavyopenda. Babu alijifunza kuyakimbia. Jioni alivua buti na kurudi njiani peku, mpaka giza liingie. Hakuwa na kocha wala viatu vya mbio. Alikuwa mwanariadha wa ridhaa kwa maana kamili ya neno hilo: aliridhia mwenyewe, na hakuna aliyemlipa. Kwenye michezo ya wafanyakazi alikimbia mbio ndefu mwaka baada ya mwaka, na ushindi wake mkubwa ulikuwa nafasi ya pili. Zawadi ilikuwa bakuli la enameli, jeupe, mdomo wa buluu. Watoto wake sita wamelelewa na uji wa bakuli hilo.

Morogoro tulifika usiku. Reli hii Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Nilinunua mayai ya kuchemsha dirishani, nikamsikia mzee wa kitanda cha chini akiuliza kama tumepita Kilosa. Alikuwa anaogopa mbele ya Kilosa. Kila aliyeizoea reli hii anaogopa hapo.

Kutoka Kilosa njia inaufuata mto Mkondoa bondeni, Munisagara, Mzaganza, Kidete, Godegode, mpaka Gulwe. Mvua zikizidi, mto unakula tuta. Mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliizoa njia vibaya, treni za Dar es Salaam zikakatika. Babu alikuwa amestaafu zamani, ana miaka sabini na minane, na bado alitoka na fimbo kwenda kutazama. Nilikuwa naye. Reli zilikuwa zimening'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo, mataruma bado yameshikilia. Alisimama akayahesabu, moja moja, kwa sauti. Kisha akasema, "Mke wangu, yameshika." Hakusema lingine mpaka nyumbani.

Ninajua mnataka nisimulie usiku aliokimbia gizani akasimamisha treni isianguke. Hata mimi nilimwomba kisa hicho utotoni. Hakuwa nacho. Alichokuwa nacho ni kwamba kwa miaka thelathini na minne hakuna treni iliyoanguka kwenye kipande chake, na hilo ndilo alilotaka lisemwe. Ndiyo maana alimpenda John Stephen Akhwari kuliko mabingwa wote. Mwaka 1968, Mexico City, Akhwari alianguka kwenye marathoni akaumia goti, akaendelea mpaka akamaliza wa 57, wa mwisho, zaidi ya saa nzima nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Mwaka 1974 Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, Babu alishangilia na kila mtu. Lakini picha iliyobandikwa ukutani ni ya Akhwari mwenye bandeji.

Kulikuwa kunapambazuka tulipopita Godegode. Treni ilipunguza mwendo, nikawaona vijana watatu wa genge wamesogea pembeni kutupisha, mmoja ameegemea spana. Nilifungua dirisha nikawapungia kwa nguvu kama ndugu zangu. Walipunga.

Gulwe nilishuka peke yangu. Baba mdogo alinipokea mzigo, nikamwamkia, tukatembea kimya hadi nyumbani, ambako masufuria ya pilau yalikuwa tayari mekoni. Bibi alikuwa mkekani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umechelewa, mume wetu ameondoka."

Alinivuta kifuani, nikalia kilio nilichokuja nacho tangu Dar es Salaam. Alipoona nimetulia alimwita mtoto alete uji. Ukaja kwenye bakuli la mdomo wa buluu, limebanduka pembeni, la moto mno kushika kwa mikono mitupu. Bibi akanipa ncha ya khanga yake nilishikie.