Tulivyoufungua mtaro wetu wa Kigogo

Kampeni za usafi zilizopita Kigogo, Dar es Salaam, tangu nihamie huku ni nyingi. Karibu zote zilikuja na fulana, spika kubwa na maneno yaleyale: wananchi, acheni kutupa taka mtoni. Tuliimba, tukafagia Jumamosi moja, na mvua za masika zilipoanza mtaro ukaziba kama kawaida. Hii yetu ya sasa, iliyoanzia kwenye kikundi cha vikoba cha akina mama, bado iko hai. Wenzangu wa Tandale na Vingunguti wameniuliza sana tulifanyaje, nami naeleza nilivyoona.

Jambo la kwanza, hatukuanza na taka. Tulianza na maji. Sisi wa bondeni, Mto Msimbazi unatufikia ukiwa umebeba maji kutoka vilima vya Pugu, na yanayotupita yanakwenda Jangwani hadi baharini, kwenye Daraja la Selander. Mafuriko ya Desemba 2011 hakuna aliyeyasahau. Waliopoteza nyumba, wengi walipelekwa Mabwepande. Kwa hiyo tulipita nyumba kwa nyumba na mjumbe wetu tukauliza maswali mepesi tu: maji huwa yanaingilia wapi? Yanafika wapi ukutani? Yanakaa mpaka lini? Kila mtu alikuwa na la kuonyesha. Mwingine alitupeleka chumbani kwake tuone mstari wa tope juu ya kitanda.

Vijana waliyaweka majibu hayo kwenye ramani. Hapo tulipata msaada wa kazi ya mradi wa Ramani Huria, ambao tangu 2015 uliwashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wenyewe kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayofurika. Ramani ilipobandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, watu waliona wenyewe kuwa nyumba nyingi hazingojei mto ujae. Maji yanarudi kutoka kwenye mtaro, pale ulipoziba. Tangu siku hiyo mtaro ukawa na wenyewe.

Sasa, kwa nini watu walikuwa wanatupa humo? Nakereka sana ninaposikia kwamba maskini hawana elimu ya mazingira. Wakazi wa Tabata waliipeleka Halmashauri ya Jiji mahakamani mwaka 1988 kwa sababu ya moshi na harufu ya dampo, wakashinda. Dampo lilipohamishiwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao wakashtaki, wakashinda 1991. Watu wanajua uchafu ni nini. Kwetu tatizo lilikuwa kwamba gari la taka haliingii kwenye vichochoro, na ada ilidaiwa kwa mwezi. Kibarua anayelipwa jioni kwa siku hiyo, mwisho wa mwezi unamkuta hana kitu. Isitoshe, mzoaji mmoja aliyewahi kupewa kazi alikusanya ada kwa bidii kuliko alivyokusanya taka, na watu wakakata tamaa.

Tukabadilisha malipo. Vijana wa mtaa wanapita na mikokoteni jioni, wakati mama ntilie na mafundi wamerudi na hela mkononi, na unalipa kwa kiroba unachotoa, papo hapo. Huna taka leo, hudaiwi. Mzee asiye na mtu wa kumsaidia hachukuliwi hela. Hilo tulikubaliana kwenye mkutano. Mikokoteni inakusanya hadi barabarani, na gari linachukua kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi. Vijana wanachambua chupa za plastiki na kuziuza kwa kilo, hiyo ni nyongeza yao. Wanaishi kwa kazi hii, ndiyo maana hawakosi.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya wanaojaza viwanja. Aliyekaa bondeni anajua: uwanja ukiwa chini unatafuta kifusi cha kuuinua, na kifusi kinauzwa, ilhali taka ni bure. Bibi mmoja alituambia, "Wanangu, hizo mnazoita taka ndizo zinazonishika nisizame." Sikuwa na jibu, na naamini hakuna bango duniani lenye jibu hilo. Tulichofanya ni kuzungumza na wanaojenga mitaa ya juu, Mburahati na kwingineko, watuletee kifusi badala ya kulipia kukitupa. Kwenye zile nyumba za ukingoni mwa mtaro tuliwapangia zamu. Bibi alikuwa wa kwanza kupata, na ndiye aliyewashawishi majirani zake kwa maneno ambayo sisi tusingeweza kuyasema.

Faini tuliikataa. Sheria ndogo zipo, na mtendaji alitaka tuanze nazo, lakini tulimwomba atupe msimu mmoja wa mvua kwanza. Ukimtoza faini mtu ambaye hana pengine pa kutupa, atatupa usiku. Wengine wanasema bila adhabu hakuna nidhamu. Labda kwa viwanda vinavyomwaga maji machafu mtoni huko juu, na hao nawaombea faini kubwa kabisa.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 ilitusaidia kwa kweli, kwani ile mifuko ilikuwa ikijaza mtaro wote. Kinachotusumbua sasa ni pampasi. Zikishatumika hazinunuliwi na yeyote kama chupa, zinavimba zikilowa, na mama anaona aibu kumkabidhi kijana wa mkokoteni mbele za watu. Tumeweka pipa lenye mfuniko karibu na kliniki na lingine gengeni, na dada mmoja wa kikundi ndiye anayeyashughulikia kwa malipo. La gengeni linajaa kila siku. La kliniki bado halitumiki vya kutosha. Tunataka kulisogeza nyuma ya ukuta, mahali ambapo mtu anaweza kufika bila kutazamwa.