Kisu cha Babu ni cha Mjerumani wa Lini?

Katika ukoo wetu, huku Ilemela, husemwa kwamba kisu cha kukunja alichotuachia babu alipewa na Mjerumani wa boma la Mwanza, kabla Waingereza hawajauteka mji Julai 1916. Kwamba kisu ni cha Kijerumani sina shaka. Ninachokipinga ni tarehe hiyo, na sababu zangu karibu zote zimo mahali padogo sana, pale bapa linapoingia kwenye mpini.

Hapo ndipo watengenezaji walipozoea kugonga chapa zao. Maandishi yalikuwa yamefifia, kwa hiyo nilipaka unga wa chaki, nikaufuta taratibu kwa kitambaa, kisha nikamulika tochi kutoka ubavuni. Chaki iliyobaki ndani ya herufi ilisomeka SOLINGEN GERMANY upande mmoja, na D.R.G.M. ROSTFREI upande wa pili. (Fundi mmoja wa kunoa visu sokoni alijitolea kuking'arisha kwa mashine yake, nilimshukuru na kukirudisha mfukoni, maana jiwe lile lingekula herufi zote.)

Solingen ni mji wa Ujerumani uliojulikana kwa visu na panga kwa karne nyingi. Jina lake lilianza kulindwa kwa sheria mahususi mwaka 1938, lakini viwanda vilikuwa vikiligonga miaka mingi kabla ya hapo, hivyo jina hilo peke yake halitoi tarehe. GERMANY lina manufaa zaidi, kwa kuwa kisu cha kuuzwa kwao hakikuhitaji kutaja nchi kwa Kiingereza. Hiyo ni bidhaa ya kusafirishwa nje, na sheria ya Uingereza ya chapa za bidhaa ya mwaka 1887 ilichangia sana kuzoesha viwanda vya Ujerumani kuandika hivyo. D.R.G.M. nayo ni alama ya usajili wa ubunifu mdogo wa kiufundi, ulioanza 1891 na kukoma Dola la Ujerumani lilipoanguka mwaka 1945. Kufikia hapa simulizi ya ukoo bado ingeweza kusimama.

ROSTFREI ndilo linaloiangusha. Maana yake ni kwamba chuma hakishiki kutu, na chuma cha namna hiyo hakikuwapo sokoni Wajerumani walipojenga boma lao hapa. Kampuni ya Krupp ya Ujerumani iliomba hataza zake (haki za uvumbuzi) mwaka 1912, Mwingereza Harry Brearley akapata chuma chake huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka. Visu vya mfukoni vya chuma hicho vilienea baada ya vita hivyo. Afisa aliyekuwa amezingirwa na vita kando ya Ziwa Viktoria asingeweza kukiagiza.

Wapo majirani wanaokiita Okapi, jina la chapa ya visu vya kukunja, nao wana sababu, kwani Okapi ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika. Lakini ile inayojulikana ina mpini wa mbao wenye vipambo vya metali vya miezi na nyota, na mara nyingi pete ya kufungulia. Mpini wa babu ni wa pembe. Niliusugua kwa kidole gumba hadi ukapata joto, na haukutoa harufu ya kafuri kama seluloidi, plastiki ya zamani iliyotumika kuiga pembe. Mistari ya pembe pia inaonekana ikikatika bila mpangilio. Ushauri wa baadhi ya watu wa kuchoma mpini kwa sindano ya moto ili kuutambua naupinga kabisa, kwa sababu seluloidi hushika moto upesi.

Ukomo wa upande wa pili ni Septemba 1939, vita vilipokata biashara kati ya Ujerumani na Tanganyika. Baba mdogo bado anashikilia habari ya Mjerumani, nami simnyimi: kuanzia 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika, na mmoja wao angeweza kabisa kumpa babu kisu, ingawa kukinunua dukani mjini kunaniingia akilini zaidi. Kwenye karatasi inayokaa pamoja nacho nimeandika: Solingen, baada ya Vita vya Kwanza, kabla ya Septemba 1939.