Bethdei ya uswahilini haihitaji kadi

Binti yangu anatimiza miaka minne Jumamosi hii na sherehe tunafanyia hapahapa nyumbani, Magomeni, Mtwara mjini, uani chini ya mwembe. Watu wananiuliza nimealika watoto wangapi. Mwenzangu, mtaa huu hualiki, wanajialika. We puliza puto moja tu ulitundike mlangoni, uone kama jioni hujakuta watoto wamekaa kwenye msingi wa nyumba yako wametulia kama wako msikitini, wengine hata hujui mama zao ni kina nani. Na huwezi kumfukuza mtoto anayeangalia keki. Labda wengine mnaweza, mi siwezi.

Kwa hiyo mimi sijaanza na keki wala rangi za mapambo kama wanavyofanya wa Instagram, nimeanza na hao watoto. Nilikaa barazani jioni moja wanacheza rede nikawahesabu kimyakimya, nikajumlisha na wadogo wanaobebwa mgongoni na dada zao, maana dada mtu akija na mdogo anakuja nae, ikafika thelathini na kitu. Nikaandika arobaini. Namba hiyo ndo imepanga kila kitu kingine, na ukishaikubali moyoni presha inashuka kabisa, hamna tena habari ya "jamani fulani nae kaja".

Shida ilikuwa upande wa ndugu. Shangazi yake akafungua grupu la WhatsApp, kufumba na kufumbua kuna bajeti ya tenti, viti vya plastiki mia, MC, sare ya kitenge kwa wanawake wote wa ukoo, na keki ya ghorofa tatu. Bibi yake hana simu ya kuingilia grupu, akasomewa, akauliza, "Keki ghorofa tatu, kwani anaolewa?" Mjadala ukapoa hapo. Na kweli huku kwetu tuna shughuli kubwa za watoto, jando na unyago, ambazo ukoo mzima unakusanyika na ngoma zinapigwa usiku kucha na watu wanatunza hela, sasa nadhani ndo maana bethdei nayo ikija watu mikono inawawasha wanataka kuifanya iwe shughuli. Lakini huyu ni mtoto wa miaka minne. Ukimwekea MC anaanza kulia.

Muda. Hapa naomba mnisikilize. Mtoto wa umri huu akikosa usingizi wa mchana sherehe imeharibika kabla haijaanza, atalia mpaka kwenye picha. Wa kwangu analala mpaka saa tisa, kwa hiyo tunaanza saa kumi, jua limeshapungua makali, na waliotoka kuswali alasiri wanakuwa wamerudi. Novemba huku jua linazama kama saa kumi na mbili na robo hivi, mi nataka kabla ya magharibi kila mtoto awe kwao, maana giza likiingia na watoto arobaini uani na umeme wetu mnaujua tabia zake, hapana. Ni masaa mawili tu. Yanatosha, yani yanatosha kabisa.

Na keki ikatwe mapema, saa kumi na nusu. Sisi tuna tabia ya kuiweka keki mwisho kama hotuba ya mgeni rasmi, watoto wanaikodolea macho masaa matatu, wengine wanasinzia. Halafu ule utaratibu wa kulishana mmojammoja, mababu, mabibi, wajomba, majirani, uma uleule unaingia mdomoni kwa ukoo mzima, mtoto kashika uma mpaka mkono unamtetemeka. Nimesema atamlisha bibi yake, baba yake na mimi, picha, basi. Wengine vipande kwenye trei.

Kuhusu trei sasa. Keki ya duara ukiwakatia watoto wengi inaishia makombo, na mwenye kipande kidogo atalia tu. Ukioka kwenye trei ya mstatili, sentimeta 30 kwa 40, ukakata vipande vya sentimeta 5 kila upande, unapata vipande 48, vyote sawasawa, hakuna kesi. Naokea kwa jirani, mama mmoja ana oveni ya mkaa, yale masanduku ya bati wanayotengeneza mafundi, moto chini na moto juu. Siri yake mkaa wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, ukikosea hapo keki inaungua kitako katikati ni uji. Huyu mama hana kipimajoto wala nini, anatupia unga kidogo kwenye kipande cha bati anausukuma ndani, anasubiri kidogo, ukigeuka kahawia fasta anapunguza makaa kwa koleo, ukibaki mweupe anachochea. Halafu akiweka keki haruhusu mtu kufungua kile kimlango, ukikigusa anakwambia "mwanangu, kaa huko," hata kama we ni mtu mzima una watoto wako. Anachungulia mwenyewe harufu ikishatoka, anachoma njiti ya fagio katikati, ikitoka kavu tayari.

(Najua kuna mtu atasema si uoke kwa gesi, mko Mtwara gesi imejaa. Ndugu yangu, gesi ya hapa kwetu, ya Mnazi Bay, ni gesi asilia, inaenda kwenye mitambo ya umeme na kwenye lile bomba la Dar la kilometa zaidi ya 500. Ya kwenye mtungi wangu ni gesi nyingine, hiyo inakuja na meli kutoka nje ya nchi. Mtu anaweza kukaa jirani na kisima cha gesi na mtungi ukamuishia katikati ya maharage.)

Krimu sipaki. Novemba mchana tunapita nyuzi 30, siagi inaanza kulainika yenyewe mezani, na ukiibeba keki kwenye bajaji kutoka huko ilikopambiwa inafika maua yote yamehamia upande mmoja. Nachukua sukari ya unga nakorogea na maji ya ndimu mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa, namwagia juu keki ikishapoa, inakauka inakuwa ngumu kidogo inang'aa, joto haliifanyi kitu. Jina lake nitaandika kwa pipi zile za rangi. Kama mnataka keki ya kupiga picha tafuteni fundi, hii ni ya kuliwa.

Chakula ni pilau. Nilitaka niishie kwenye vitumbua na sambusa, bibi akasema shughuli haina pilau watu watasemaje, sawa. Kilo moja ya mchele watu wazima wanakula nane mpaka kumi, watoto wadogo hawa inafika hata kumi na tano, kwa hiyo kilo tatu za watoto na mbili za wakubwa zinatosha. Sinunui sahani za plastiki. Mikeka chini ya mwembe, masinia, watoto sita kila sinia, wanawekwa kwa umri ili wakubwa wasiwamalizie wadogo nyama. Ndoo ya koki pembeni na sabuni, dada mkubwa mmoja kazi yake hiyo tu, hakai mtoto kwenye mkeka hajanawa. Kuku wanatoka kwa mjomba kule Tandahimba, kaahidi wawili wa kienyeji, ila alisema pia atatuma hela ya mchele akilipwa korosho zake za mnadani, hiyo sijaihesabu kwenye bajeti na nawashauri msihesabu hela ya mnada mpaka meseji iingie. Kuku atachinja baba wa nyumba ya jirani, kila mtu ale bila wasiwasi. Kuna jirani mwingine kwao bethdei hawafanyi kwa sababu za dini, nikamwendea mwenyewe nikamwambia dada, watoto waje kwenye pilau, kama hutaki wawepo kwenye wimbo na mishumaa waje vikishaisha. Akacheka, akasema watakuja saa kumi na moja.

Msimu wenyewe ni wa korosho, kila nyumba kuna korosho za kubangua, ila kwenye sahani za watoto siziweki nzimanzima. Mtoto chini ya miaka minne mitano, korosho, karanga, hata bisi vinaweza kumkaba kooni, hasa akila huku anakimbia, na hao ndo muda wote wanakimbia. Nazisaga naziweka kwenye keki, na mama zao nawaambia mapema kabisa kwamba keki ina korosho, maana kuna mtoto mmoja akila anavimba midomo, huyo nimemtengea vitumbua vyake. Na zile mbichi zenye maganda zote zimeondolewa hapo uani, mafuta ya ganda yanababua ngozi vibaya. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, nayo hapana, juisi ni ya ukwaju. Gauni jeupe na bibo havikai uwanja mmoja, lile doa ukilipata umelipata mpaka gauni linakuwa dekio.

Wakubwa nawachemshia ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku kwetu, na pilipili ya unga, wakae upande wao wapige stori.

Michezo sijahangaika sana, hawa wanajua kucheza kuliko sisi. Rede, kuruka kamba, kombolela kwa wale wakubwa kidogo. Wadogo nawatengenezea mapovu, maji na sabuni ya maji na sukari kidogo ili povu lisipasuke upesi, na badala ya kununua vile vichupa vya dukani nakata mabua ya majani ya mpapai, yako wazi ndani kama mrija, unachovya unapuliza linatoka povu kubwa linaelea mpaka kwa jirani. Ila wafundishwe kupuliza sio kuvuta, kuna mmoja lazima atakunywa.

Maputo nimenunua kidogo tu na yanatundikwa kivulini, juani yanapasuka ovyo. Yakipasuka vile vipande viokotwe palepale, mtoto mdogo akiweka mdomoni kikiteleza kooni ni balaa.

Na kumwagiana maji. Nimeshawaambia mapema vijana wa nyumbani, ule utani wa kumvizia mwenye bethdei na ndoo ya maji, sijui unga, sijui mayai, mfanyie mwenzako wa miaka ishirini na tano. Wa minne hajui utani, atajua tu kwamba siku yake watu wake wamemwagia maji akiwa kapendeza. Mkitaka maji, mwisho kabisa nitaweka beseni, kila mtoto ameshavua viatu, wacheze na vikombe dakika kumi, joto lenyewe hili watafurahi. Beseni linakaa na mtu mzima mwenye macho, asiye na simu mkononi, na likimaliza kazi linamwagwa, mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye maji ya sentimeta chache.

Mziki bado tunabishana na baba watoto. Yeye anataka akodi spika mbili kubwa, mi nataka ile redio yetu. Amesema "sherehe isiyosikika kwa majirani ni sherehe gani?" Majirani wote watakuwa hapa hapa, nimemuuliza anataka isikike kwa nani, hajajibu.

Zawadi sijamwomba mtu. Atakayeleta daftari au sabuni au mia tano namshukuru, na hazifunguliwi mbele za watu, asije mtoto aliyekuja mikono mitupu akajisikia vibaya. Wakiondoka kila mmoja namfungia kipande cha keki na kitumbua kwenye mfuko wa kaki, mifuko ya plastiki tuliachana nayo tangu 2019, na kwa watoto wadogo bora hivyohivyo.

Mpaka sasa mgawanyo uko hivi: shangazi yuko getini anapokea, mama wa oveni na keki, dada mkubwa na ndoo ya kunawia, jirani mwalimu kwenye michezo maana ana sauti, baba watoto na mziki wake pamoja na beseni ili awe na kazi ya kumzuia kwenye spika, bibi amekaa kwenye kiti kizuri anapokea salamu. Masinia sijapata wa kuosha.