Kupima presha kazini bila kumkata mtu ujira

Mahali pa kazi penye watu 10 au 15 hapana daktari wala bajeti ya mazoezi. Basi mkitaka kuangalia afya za wafanyakazi, anzeni na presha: mara nyingi haina dalili, na kinachohitajika ni mashine moja yenye mkanda wa kufunga mkononi, juu ya kiwiko.

Kinachoua mpango huu mara nyingi ni saa. Ukipima wakati wa mapumziko, mtu wa kibarua atakwenda kula kwanza, na ana haki. Pima ndani ya saa zinazolipwa, mmoja mmoja, dakika 10 kila mtu.

Mpimwaji akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, miguu isipishane, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Nusu saa kabla asivute sigara wala kunywa kahawa. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya shati. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, kwa hiyo nunueni saizi mbili. Pimeni mara mbili, mkipumzika dakika moja katikati. Ikifika 140/90 (namba ya juu 140 au ya chini 90), arudie siku nyingine. Ikibaki hapo, aende zahanati na siku hiyo ilipwe. Ikizidi 180/120 huku kifua kikiuma au pumzi ikibana, hospitali papo hapo.

Namba aandikiwe mwenyewe kwenye kadi yake. Msimamizi asishike daftari la majina. Wafanyakazi wakihisi tu kwamba presha itamfukuzisha mtu kazi, safari ijayo hamtapata wa kumpima.