Nabaki kwenye gramu 20: kumbukumbu za siku ya 15 hadi ya 57

Siku ya 15

Mizani imesoma kilo 93.1. Nilianza na 97.4. Kwa utaratibu wa kula ninaoufuata ili nipunguze uzito, leo ndiyo siku ya kupanda hatua ya pili: unaongeza gramu 5 za wanga kwa siku, ukikaa wiki unaongeza 5 nyingine, hivyo hivyo mpaka uone kupungua kunaanza kusuasua. Nimekaa na daftari tangu alfajiri, cherehani sijaigusa. Sipandi.

Kwa anayeanza kunisoma leo: ni ule utaratibu wa Dkt. Robert Atkins, daktari wa moyo wa New York, aliyeutangaza kwa kitabu mwaka 1972. Una hatua nne. Ya kwanza ndiyo kali kuliko zote, gramu 20 za wanga kwa siku ukishatoa nyuzinyuzi, kwa muda usiopungua wiki mbili. Unga wa sembe gramu 100 peke yake una zaidi ya gramu 70 za wanga, kwa hiyo ugali umetoka, na wali, chapati, muhogo, ndizi, maharage, hata machungwa ya Muheza ambayo msimu huu yamejaa kila kona hapa Tanga. Atkins mwenyewe aliwaruhusu wenye uzito mwingi wa kupunguza wakae hatua hii zaidi ya wiki mbili. Mimi lengo langu ni 75. Bado kilo 18.

Sababu yangu ya kwanza ni hii. Zile kilo 4.3 zilizoondoka, nyingi ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, karibu nusu kilo hivi, na kila gramu ya akiba hiyo hushika gramu 3 hivi za maji. Wanga ukikatika, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Ndiyo maana siku ya tatu nilikuwa chooni kila saa, na siku ya nne kichwa kikaniuma mpaka nikafunga kazi mapema, kwa sababu maji yale hutoka na chumvi. Supu ya samaki yenye chumvi na ndimu ilinirudisha. Mafuta yenyewe yaliyopungua bado ni machache. Niondoke sasa hivi?

Sababu ya pili nimeitafakari zaidi. Wiki ya kwanza yote nilikuwa najifunza: nini kina wanga, nini hakina, ninunue nini, nipike nini watoto nao wale. Wiki ya pili ndiyo nimeishi ndani yake. Na nimejiona nilivyo. Nikiambiwa "kidogo tu", nafsi yangu inahangaika kutwa nzima, kidogo ni kiasi gani, nimeshafika au bado. Nikiambiwa "hapana", natulia na kushona.

Nimejiwekea masharti, nimeyaandika ukurasa wa mwanzo kwa kalamu nyekundu. Wanga wa mboga usipungue gramu 12 kati ya zile 20, kila siku, hata kama sina hamu. Wiki ya saba nirudi kupima damu, maana nilipima kabla ya kuanza na daktari ana majibu yale. Hedhi ikivurugika au nikipata kizunguzungu kisichoisha kwa chumvi na maji, nasimama. Nikifika kilo 82, yaani zimebaki 7, napanda hatua ya pili bila kujadiliana na nafsi yangu.

Siku ya 19

Watu wengi huharibu hapa kwenye mboga, wanakula nyama na mayai tu. Hesabu yangu ya leo: mchicha gramu 200, wanga kama 4. Kabichi gramu 100, 3. Nyanya gramu 100, karibu 3. Nusu parachichi, 2 tu, kwa sababu sehemu kubwa ya wanga wake ni nyuzinyuzi. Jumla 12. Ukiziweka zote mezani ni sinia, si kisahani. Tumbo lililokuwa limefunga wiki ya kwanza limefunguka.

Siku ya 26

93.0. Siku kumi na moja, gramu mia moja tu.

Jana usiku nililia kidogo, nakiri. Leo nimepima kiuno kwa futi yangu ya kazini: inchi 41. Siku ya kwanza ilikuwa 43. Futi hii naiamini kuliko mizani, nimeitumia miaka kumi na sita kwenye viuno vya watu.

Hata hivyo nimeamua kupekua daftari mstari kwa mstari, na nimekutana na kitunguu. Mchuzi wangu huanza na vitunguu vitatu vikubwa, vikaangwe mpaka viwe rojo, ndivyo alivyonifundisha mama. Kitunguu gramu 100 kina wanga kama 7 na nusu, na changu kimoja kinazidi hapo. Wanne tunakula chungu kile, mimi nachota rojo zaidi kuliko samaki. Siku nyingine nilipata gramu 8 kwenye vitunguu pekee na sikuviandika, nikidhani ni kiungo kama bizari.

Cha pili ni chakula cha nje. Mahali ninapokula mchana nikiwa na kazi nyingi, nimemuuliza mpishi leo, akaniambia kwa moyo safi kabisa, "Dada, mchuzi lazima utie unga wa ngano kidogo, uwe mzito." Kuanzia kesho nabeba chakula changu.

Siku ya 33

91.2. Kitunguu kimoja kwa chungu kizima, tangawizi na vitunguu saumu vimechukua nafasi. Watoto hawajalalamika.

Siku ya 40

Harusi ya mtoto wa kaka. Nilishona sare za wanawake kumi na wanane, na pilau ilipakuliwa mbele yangu. Wifi alinisogezea sahani akisema, "Shangazi mtu hali, harusi ina baraka gani?" Nikamwomba anipe nyama na kachumbari, nikamkalia karibu tukala pamoja, na hakusema tena. Nadhani kilichomuuma ni kuona nimejitenga, wala si pilau. Hili najuta sikulijua tangu wiki ya kwanza, ningewakosea watu wachache zaidi.

Siku ya 44

Mama amekuja kukaa nami. Ameniangalia siku mbili, leo akasema, "Mwanangu, na mimi naanza kesho. Hiyo sukari yangu itashuka."

Nimemkatalia, na imenichoma kumkatalia. Anameza vidonge vya kushusha sukari asubuhi na jioni. Baadhi ya vidonge hivyo vinaendelea kushusha hata kama mtu hajala wanga, na sukari inaweza kuanguka mpaka mtu akapoteza fahamu. Wanaochoma insulini hatari yao ni hiyo hiyo, na wa dawa za presha nao inaweza kushuka kupita kiasi. Dozi hubadilishwa na daktari kwanza, ndipo chakula kibadilike. Mama amenuna. Nimempikia bamia na changu wa kuchoma, na ugali wake mdogo pembeni.

Siku ya 51

Majibu ya damu. Sukari ya kufunga imeshuka, figo ziko sawa. Mafuta ya damu yana habari mbili: trigliseridi zimeshuka vizuri sana, lakini ile kolesteroli mbaya imepanda. Daktari hakunigombeza. Aliuliza napikia nini, nikamwambia samli, na tui zito karibu kila siku. Akasema nikitaka kubaki gramu 20 nibaki, ila nibadilishe mafuta, nizidishe samaki na parachichi, tui liwe mara mbili kwa wiki, turudie kipimo baada ya miezi mitatu.

Nimekuwa nikiwaza wanga tu. Gramu zangu zilikuwa sahihi, lakini sikuuliza hata siku moja kilichojaza nafasi ya ugali ni kitu gani. Sharti la tano limeingia kwenye ukurasa wa wino mwekundu.

Siku ya 57

88.7. Kiuno 39 na nusu. Vibua wa leo nimewanunua soko la samaki la Deep Sea asubuhi, wabichi, macho yanang'aa, nitawachoma bila mafuta. Bado naendelea na gramu 20, zimebaki kilo 6.7 kufika ile 82.

Mama amekubali. Nimeandika kwenye karatasi majina ya vidonge vyake vyote na muda anaovimeza, pamoja na vipimo vyake vya sukari vya siku kumi. Jumanne saa mbili nampeleka kliniki.