Nilivyohamisha vifaa vya karakana na kirikuu moja

Jumamosi nimehama fremu, kutoka Buguruni kwenda Chanika, na aisee vyombo vya nyumbani ni cha mtoto, ngoja uhamishe vifaa vya useremala ndo utajua.

Kilichonisumbua zaidi ni jenereta. Mwaka juzi niliwahi kulilaza ubavu kwenye gari eti lisichukue nafasi, oili ikapanda mpaka kwenye silinda, kuliwasha likagoma kabisa, tukafungua plagi tukaikuta imelowa tepetepe na lilivyokuja kukubali likatoa moshi mweupe mtaa mzima wakajua nimehamia. Safari hii nikafyonza petroli yote kwenye kidumu, nikafunga koki, nikalisimamisha nyuma ya kabini na kulikaza na mipira ya tyubu.

Patasi nilizinoa wiki iliyopita tu, kwahiyo kila moja nikaivisha kipande cha bomba la maji mdomoni halafu nikazungushia selotepu. Msumeno nao nikachana bomba lingine kwa urefu nikauvalisha kwenye meno. Randa nimerudisha kisu ndani. Grainda nikatoa diski, maana ikigongwa inapata ufa usiouona na siku ukiiwasha inakurukia usoni. Drili za chaji betri nilizichomoa nikakaa nazo mwenyewe mbele.

Misumari na skrubu nilitia kwenye kiroba, ujinga wangu huo, kikatoboka pale Gongo la Mboto. Dereva kanuna mpaka tunafika.