Mdogo wangu hakuweza kuja kumzika bibi

Juzi tumemzika bibi yetu Nansio, Ukerewe, bila mdogo wangu anayesoma Marekani. Viza yake imekwisha muda. Kukaa kule anaruhusiwa maadamu anasoma, ila akitoka atahitaji mpya, na tangu Januari 1, 2026 Watanzania tumewekewa vizuizi, viza za wanafunzi zikiwemo. Alilia sana kwenye simu.

Nawashukuru kwa dhati watu wa chuo chake. Wamempatia mwanasheria bila malipo, wamemwachia chumba wakati wa likizo, na msimamizi wake amemsogezea tarehe ya kuwasilisha kazi.

Wahadhiri wetu hapa Mwanza, nanyi mna wanafunzi kutoka nchi jirani. Mmoja akikwama mpakani, tafadhali msimfutie mtihani kabla hamjampigia simu.